Matanga Yaliyotangulia Kaburi

Tangu Oktoba 19, 2025, siku Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, alipozikwa Kang'o ka Jaramogi, boma la babake kule Bondo, sijahudhuria msiba Magharibi mwa Kenya ambao saa 72 za kuzika hazikutajwa. Mchungaji huzitaja akiwa chini ya hema. Mzee wa ukoo humjibu kwa kukohoa. Kijana aliyeshuka alfajiri kutoka basi la Nairobi huzitaja akiwa amesimama nyuma, karibu na masufuria, ambako ndiko mijadala ya kweli hufanyika. Raila alifariki Kerala, India, tarehe 15; siku nne baadaye alikuwa kaburini, kwa kuwa, kama familia ilivyoeleza, alitaka azikwe bila kucheleweshwa, ikiwezekana ndani ya saa 72. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, alikufa katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, akazikwa kwao Alego Aprili 21, bila jeneza, naye pia kwa wosia wake. Watu wawili wazito, wote wana wa Siaya, wakaenda upesi. Ndipo watu wakagawanyika. Upande mmoja unashangilia kwamba mila imeshindwa na akili imeshinda. Upande mwingine unalia kwamba mila imesalitiwa, tena na waliotarajiwa kuilinda.

Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba zile wiki mbili tatu za maiti kukaa mochari, kamati kukutana, michango kuitishwa na muziki kupigwa usiku ndizo mila zenyewe. Sizo. Hayo ni mazoea ya juzi, yaliyoletwa na reli, jokofu na simu. Mila za Waluo na za Waluhya, kadiri zinavyokumbukwa na wazee na zilivyoandikwa, zilizika haraka zikaomboleza polepole. Kazi kubwa ya msiba ilikuwa baada ya kaburi. Sisi tumeihamishia kabla ya kaburi, tukaifanya kazi ya fedha, kisha Jumapili jioni tunapanda magari na kumwacha mfiwa peke yake na viti vya kukodi visivyochukuliwa bado. Anayepunguza siku za kabla bila kurudisha siku za baada hajarudi kwenye mila wala hajaingia kwenye usasa. Amefuta tu kile kidogo kilichobaki.

Tuanze na jambo lisilohitaji msomi. Kabla ya mochari, maiti haikuweza kungoja. Joto la kando ya ziwa halina subira, na hata kule juu Kaimosi kunakonyesha karibu kila alasiri, siku ya tatu ni siku ya tatu. Mtu alikufa, nduru ikapigwa, waliokuwa karibu wakaja, waliokuwa mbali wakasikia baadaye. Kaburi lilichimbwa ndani ya boma, na marehemu akafungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Jeneza la mbao lililopigwa msasa ni mgeni aliyeingia pamoja na misheni na mafundi seremala wake. Kwa hiyo waliposema Jenerali Ogolla ameiga Waislamu kwa kukataa jeneza, nilicheka kidogo. Kama aliiga mtu, basi alimwiga babu wa babu yake.

Kilichokuwa kirefu kilifuata. Kwa Waluo, mwenye boma alipofariki, moto mkubwa, magenga, uliwashwa uani na watu wakalala wakiuzunguka usiku baada ya usiku. Ng'ombe walikimbizwa hadi mpakani, vijana wakiwa na mikuki na matawi mabichi, kukifukuza kifo kitoke kijijini; hiyo ndiyo tero buru. Wana wa marehemu hawakutawanyika hadi liedo, siku ya kunyolewa nywele, iliyohesabiwa siku nne kwa mwanamume na tatu kwa mwanamke. Baadaye mabinti walioolewa walirudi na unga, na kuku, na jamaa za waume zao, kuja kupika katika boma la mzazi wao. Miezi ikipita, wakati mwingine miaka, ikaja rapar, siku ya kumkumbuka. Kwa Wabukusu, jamii mojawapo ya Waluhya, siku ya tatu baada ya maziko ilikuwa ya kukaa kitako: nywele zinanyolewa, anayemdai marehemu anasimama na kusema, anayedaiwa na marehemu anasimama na kukiri. Na mzee wa heshima akifa, mtu mwenye kipaji cha kunena hutembea katikati ya umati akiswala kumuse, akisimulia ukoo ulikotoka, akionya, akifariji, na hakuna anayemkatiza, hata awe mbunge. (Hilo pekee linatosha kunifanya nitamani kumuse irudi kila kata.)

Tazama jinsi siku hizo zilivyopangwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomngoja aliye mbali ili kaburi lifungwe. Waluo walikuwa hata na njia ya kumzika mtu ambaye maiti yake haikupatikana kabisa, aliyezama ziwani au kupotea ugenini: walichukua yago, lile tunda refu la mti ambao Kiswahili huuita mwegea, wakalizika mahali pake. Utamaduni uliokuwa tayari kuzika tunda ili watu waanze kuomboleza hauwezi leo kudaiwa kwamba unalazimisha maiti kungoja wiki tatu kwa sababu mpwa wa Dallas hajapata tiketi.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia. Neno matanga, tunalolitumia huku bara kwa jambo lolote linalohusu kifo, pwani lina maana yake. Maiti huzikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kisha ndipo matanga huwekwa. Watu hukaa, hulala chini, huleta chakula, husoma, na baada ya siku tatu hivi matanga huanuliwa. Baadaye arobaini. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Matanga ni kile kinachofanywa baada ya mtu kwenda. Sisi tulilibeba neno hilo hadi Luanda ya Vihiga na Maseno, tukaligeuza miguu juu: kwetu matanga huanza mtu anapokata roho na huisha kaburi linapofunikwa. Na tukaongezea disko.

Basi tulifikaje hapa? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake vijana wa nchi hii wakaanza kupanda gari moshi kwenda kufanya kazi Nakuru, kwenye mashamba ya wazungu, na mbele hadi Nairobi na Mombasa. Walikufa huko. Kwa muda mrefu wengi walizikwa huko huko, nyumbani zikifika habari tu. Kisha yakaja magari, barabara ya lami, mochari, dawa ya kuhifadhi maiti, na hapo kwa mara ya kwanza ikawezekana mtu afe Jumatatu Mombasa na azikwe Jumamosi ya wiki ya tatu Ugenya. Kilichowezekana kikawa cha heshima, na cha heshima kikawa cha lazima. Sisi tunaokaa Nakuru tunaiona lazima hiyo kwa macho kila Ijumaa: magari ya kubeba maiti yakipandisha kuelekea Salgaa na Mau Summit, vitambaa vyekundu vikipepea, basi la waombolezaji likifuata nyuma, dereva akitafuta njia ya kupita lori. Kizazi kimoja kiliona hayo, kilichofuata kikazaliwa kikidhani yalikuwapo tangu Ramogi, babu wa Waluo.

Kesi ya S. M. Otieno mara nyingi huletwa hapa kama ushahidi wa upande wa pili, nami naona inashuhudia upande wangu. Wakili huyo alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Virginia Wambui, alitaka amzike Matasia, Ngong, karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ikafuatilia magazetini, hata mchimba kaburi akatoa ushahidi, na profesa wa falsafa, Odera Oruka, akaulizwa mahakamani kuhusu mila. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Mei 23, 1987, siku 154 baada ya kufa. Watu hukumbuka hizo siku 154 wakasema, mnaona, Mjaluo haharakishwi. Lakini siku hizo zilikuwa za mahakama. Ukoo haukwenda kortini kudai muda; ulidai mahali. Mjadala wa nani ana haki juu ya maiti, mke au ukoo, ni mjadala mwingine, na nina maoni yangu ambayo hayangewafurahisha wazee wa Umira Kager. La msingi ni kwamba hata katika kesi maarufu kuliko zote kuhusu mazishi nchini, hakuna aliyesimama kuapa kwamba mila inataka maiti ikae.

Kilichokuja kuurefusha msiba kwa kweli ni fedha. Harambee ilikuwapo, na mikutano ya wanakijiji waishio mjini ilikuwapo, lakini ilikuwa lazima watu wakutane, wahesabu noti, waandike daftarini. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na makundi ya WhatsApp yakafuata, mkutano ukawa haukatiki. Sasa kila msiba una mwenyekiti, katibu, mweka hazina, bajeti yenye mochari, jeneza, gari, hema, spika, ng'ombe, kijitabu chenye picha za rangi, mpiga video wa kurusha maziko mtandaoni. Bajeti ikiwa kubwa, siku huongezwa ili mchango uifikie. Siku zikiongezwa, mochari nayo hudai zaidi, na waliolala bomani lazima wale, basi bajeti hupanda tena. Nimekaa kwenye kamati ambayo nusu ya fedha iliyochangwa wiki ya pili ililipa gharama zilizosababishwa na kungoja fedha ya wiki ya pili.

Na katikati ya hesabu hizo kuna mtu aliyefiwa na mzazi. Baba yangu alipofariki, mwezi wa Julai, nyumbani Butere, nilifanywa mweka hazina kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na nina kazi ya ofisini. Kwa siku 17, kila saa kumi na mbili jioni, nilituma orodha ya waliochanga. Binamu mmoja alinipigia kwa hasira kwa sababu jina lake lilipungua herufi. Siku ya maziko nilisoma wasifu wa marehemu kwa sauti iliyonyooka na watu wakanisifu kwa ujasiri. Machozi yalinijia Novemba, ndani ya duka la dawa za mifugo hapa Nakuru, nilipoona kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo alikuwa akiniagiza kila nikienda nyumbani. Mwenye duka alinipa kiti. Kundi la WhatsApp lilikuwa limevunjwa tangu Agosti.

Sisemi haya kudai kwamba wanaotetea siku nyingi hawana hoja. Wanazo, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ya deni la hospitali. Raila aliletwa na ndege, akapokelewa na serikali, akasindikizwa na jeshi. Saa 72 kwake zilikuwa suala la nidhamu. Kwa mama wa Khwisero aliyelaza mumewe chumba cha wagonjwa mahututi kwa mwezi, saa 72 si chaguo, kwa kuwa maiti haitatoka hadi bili ilipwe, na bili hailipwi hadi watu wachange. Mahakama Kuu imeamua zaidi ya mara moja kwamba maiti haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni, lakini uamuzi wa jaji hausafiri haraka hadi dirisha la malipo. Siku za msiba basi zimekuwa benki ya maskini: ndio wakati pekee ambao jamii nzima hukubali kufungua mifuko. Mhubiri anayewaambia watu hawa wazike upesi kama Raila ana wajibu wa kueleza nani atalipa. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ingekuwa jibu kama ingelipa yote, na anayesema inalipa yote aje tukae naye kwenye kamati.

Hoja ya pili ni ya watu walio mbali. Nusu ya watoto wa vijiji vyetu sasa wako Nairobi, Doha, Manchester. Kumzuia binti asimwone babake kabla ya udongo ni ukatili, na sitaki kuupamba kwa jina la mila. Hapa nakiri kwamba kuna misiba ambayo wiki moja ni busara. Ila tusiseme kwamba tumengoja kwa ajili yake ikiwa tangu siku ya tano yuko nyumbani, na sasa tunangoja mheshimiwa apate nafasi katika shajara yake. Tofauti hiyo kila mtu kijijini anaijua, na hakuna anayeisema kwenye kipaza sauti.

Hoja dhaifu ni ile inayopigiwa makofi zaidi: kwamba kuzika upesi si desturi yetu, ni dini ya wengine. Nimekwisha kusema juu ya ngozi ya ng'ombe. Lakini tuwaangalie pia hao wengine, kwa sababu si wengine. Mumias imekuwa na Waislamu tangu zama za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Kendu Bay ina Waluo Waislamu wenye misikiti ya vizazi. Hawa ni Wawanga na Waluo wenye koo, wenye mashemeji, wenye ardhi ya mababu. Huzika siku hiyo au inayofuata. Je, wamekoma kuwa Wawanga? Nenda kwenye msiba wao siku ya tatu uone nani amekuja, nani analeta chakula, nani amekaa na mjane. Utakuta ukoo mzima. Ukitaka kuona jinsi Magharibi ilivyoomboleza kabla ya jokofu, pengine kwao ndiko utakakoona karibu zaidi na ukweli kuliko kwenye mazishi ya Jumamosi yenye hema tano.

Lakini sasa nigeukie washangiliaji wa saa 72, ambao ni rafiki zangu na wanakosea kwa namna nyingine. Wanasema mazishi marefu yanatufilisi, ni kweli. Wanasema disko matanga limeharibu watoto wa shule. Ni kweli, na kila chifu anajua ni nyumba gani. Wanasema pia misafara ya mazishi inaua watu barabarani, na hutaja Agosti 8, 2025, basi lililobeba waombolezaji waliotoka maziko ya Nyahera lilipopata ajali kwenye mzunguko wa Coptic, Mamboleo, Kisumu, wakafa zaidi ya watu 20, wengi wakiwa jamaa. Uchungu wa siku ile bado unauma mji mzima. Hata hivyo hoja hiyo haisimami: watu watasafiri kuzika hata ukizika upesi, na msiba wa saa 72 unawatia barabarani usiku zaidi, kwa haraka zaidi. Barabara haiponywi kwa kalenda.

Kosa lao kubwa ni kudhani kwamba siku zikipunguzwa msiba umetengenezwa. Jaribio hilo lilishafanywa, na sisi ndio tuliofanyiwa. Mwaka 2020 serikali iliweka kikomo cha watu 15 mazikoni, na mwaka uliofuata ikaagiza watu wazike ndani ya saa 72. Aprili 2020, kule Siaya, mtu alizikwa usiku na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga, na picha zikatembea nchi nzima. Waliolia kwa picha ile hawakulilia kasi yake. Mababu walizika kwa kasi. Walilia kwa sababu hakukuwa na mkono wa ndugu uliorusha udongo, na kwa sababu asubuhi iliyofuata hakuna aliyeruhusiwa kuja kukaa. Familia nyingi zilizozika wakati ule zilirudi baadaye, mwaka mmoja au miwili, zikafanya kumbukumbu, zikapika, zikaimba. Wengine tuliwaona kama watu wanaopoteza fedha mara mbili. Walikuwa wakitafuta sehemu ya msiba waliyonyimwa, na kwa bahati, bila kukusudia, waliitafuta mahali pake pa zamani.

Na hata mfano wa Raila wanausoma nusu. Wanahesabu kutoka Kerala hadi Bondo, wanafika nne, wanafunga daftari. Lakini Kang'o haikufungwa Oktoba 19. Wiki baada ya wiki, watu waliendelea kumiminika pale: makundi ya vijana, wazee wenye ng'ombe, kwaya, wanasiasa kwa kweli na kwa kujionyesha, mama waliotembea kutoka vijiji vya jirani kukaa tu chini ya mti. Wajane wa siku zote wanajua maana ya kukaa chini ya mti. Ukiondoa ukubwa wa mtu na helikopta, hicho kilikuwa kitu cha kale kabisa: kaburi kwanza, kisha watu. Kama kuna funzo la kuiga Bondo, liko katika miezi iliyofuata, na hilo halijatajwa na mhubiri yeyote niliyemsikia.

Tukikubali hilo, mambo kadhaa hubadilika, na la kwanza ni la kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo ya mwaka, inataja ugonjwa, inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili mtoto anapozaliwa. Mzazi anapokufa, sheria hiyo haina neno. Mfiwa hutegemea mkataba, au huruma ya bosi, au hula siku zake za mwaka. Na akizipata, huzitumia zote kabla ya maziko, akikimbia kati ya mochari na fundi wa majeneza. Jumatatu yuko kazini, udongo bado kwenye viatu. Wanaodai likizo ya msiba waitake ile inayoweza kuchukuliwa baada ya maziko, hata mwezi baadaye, ili mtu aweze kwenda kunyoa, kugawa nguo za marehemu, kuketi na mamake wakati mashemeji wameshaondoka. Siku tano za aina hiyo zingefanya kazi kuliko wiki mbili za kamati.

La pili ni fedha, ambalo ni gumu zaidi kwa kuwa aibu imeingia. Kamati ya mazishi huvunjwa wiki moja baada ya maziko, na salio, likiwapo, hugombaniwa. Karo ya Januari haimo kwenye bajeti. Mkopo wa ushirika aliouacha marehemu haumo. Mila ya Wabukusu ilikuwa na siku yake ya madeni, na ilikuwa baada ya kuzika, kwa sababu ndipo akili inapokuwa imetulia kiasi cha kuuliza nani anadai nani. Kwa nini kamati isiishi miezi sita? Anayechanga elfu moja kwa jeneza anaweza kuchanga mia tano kwa jeneza la bei nafuu na mia tano mwezi wa Januari. Najua jibu: hakuna atakayelisoma jina lake Januari. Hapo ndipo tatizo letu lilipo hasa, na mila haihusiki.

Nisieleweke kwamba siku za baada zilikuwa peponi. Hizo hizo ndizo zilizokuwa siku za kumfungia mjane, kumlazimisha arithiwe, kumvua kile alichochuma. Nyanza ililipa kwa jambo hilo gharama kubwa miaka ya ukimwi. Siku za kukaa kitako kuhusu mali zimekuwa mara nyingi siku ambazo kaka za marehemu wameamka mapema kupima shamba kwa hatua. Sheria ya urithi ipo, na inapaswa kuketi pale uani pamoja na wazee. Kurudisha liedo hakumaanishi kurudisha kila kilichoizunguka. Makanisa yetu yanaweza kusaidia hapa kama yataacha kuwa wasimamizi wa programu ya Jumamosi na kuhesabu pia ibada ya siku ya nne, ya siku ya arobaini, ya mwaka. Baadhi ya akina mama wa kanisa tayari hufanya hivyo kimya kimya, bila kipaza sauti, wakibeba sukari na majani ya chai.

Baba alipozikwa, kijitabu chetu cha programu kilikuwa na kurasa 24 na majina zaidi ya mia. Jina la senje, dada yake wa mwisho, lilikuwa mara moja tu, katika orodha ya ndugu. Jumapili magari yalipoondoka yeye hakupanda. Alikuwa amekuja na begi moja, akakaa na mama hadi Desemba. Walichambua maharagwe, wakalala chumba kimoja, na kila jioni mama alimsimulia upya alichokula baba siku ile ya mwisho, naye kila jioni akauliza kama uji ulikuwa wa wimbi au wa mtama. Nilipomuuliza mbona hakurudi kwake pamoja na wenzake, alisema kule hakuwa na la kufanya. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la miwa lililokuwa likingoja palizi.